Kalkuleta ya kompleksi namba: chukua ipi, achana na ipi

Nyie wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na diploma ya umeme, kabla hujatoa hela ya kalkuleta uliza kitu kimoja tu, ina modi ya CMPLX, yaani ya kompleksi namba (zile za a+bi, i ni mzizi wa -1)? Maana kwa nje zinafanana sana halafu muuzaji atakwambia zote "za sayansi". Casio fx-82MS iko kila duka la vifaa vya shule na bei yake inavutia, kwa O-level safi kabisa, ila CMPLX haina, ukifika fomu siksi utanunua nyingine tu.

Namba moja kwangu ni Casio fx-991ES Plus. MODE, 2, i iko kwenye batani ya ENG, andika (3+4i)÷(1-2i) inakupa -1+2i mstari mmoja, imeisha. Ukitaka pola (urefu na pembe) nenda SHIFT 2 kisha 3, hapo 3+4i inakuwa 5∠53.13, ila hakikisha iko kwenye digrii maana ikiwa redian itakuletea 0.927 utadhani mbovu. Ubaya wake ni pawa: skwea na kyubu inakubali, lakini weka (1+i) kwa pawa ya 4 uone, Math ERROR! Dawa yake unaskwea, unaskwea tena, unapata -4. Mzizi wa i nao haitoi, hapo kanuni ya De Moivre (ya pawa na mizizi ya kompleksi) kwa mkono, na mtihani wenyewe ndo unataka hivyo.

Ya pili fx-991EX. Skrini inasomeka vizuri mno, ina spredshiti na QR kodi, bei nayo imechangamka. Kama shida yako ni kompleksi tu sioni cha kuongezea hela.

Ya tatu fx-991MS, ya zamani, inafaa ukiipata ya mtumba. Inaonyesha sehemu ya riali (isiyo na i) kwanza, ya imajinari (yenye i) mpaka ubonyeze SHIFT na =, na watu wanakopi riali peke yake wanapoteza maksi hivihivi.

Kwa kazi za nyumbani Python (lugha ya kuandikia programu) ni bure, hata kwenye simu inakaa. Huko ni j siyo i (watu wa umeme mnaijua), abs(3+4j) inatoa 5.0, mzizi wa -1 chukua moduli ya cmath maana math ya kawaida inagoma. Simu haiingii chumba cha mtihani lakini.

Feki ni nyingi, kwa hiyo ile (3+4i)÷(1-2i) ipige hapohapo dukani kabla hujalipa, isipoleta -1+2i mwachie mwenyewe.