Pushirodi za zamani au upime upya?

Ukiwa Kisekka, soko la vipuri Kampala, na hedi yako (kichwa cha injini) imetoka kusagwa uso wake, fundi atakwambia rudisha tu pushirodi zilezile, vile vijiti vinavyosukuma roka ili valvu zifunguke, ni bure na gari inarudi barabarani leo. Kwa Isuzu 4JB1 sina ubishi, ile roka (mkono unaobonyeza valvu) ina skrubu, unarekebisha nafasi ya valvu 0.4 mm injini ikiwa baridi, kwisha.

Shida ni injini yenye tapeti za haidroliki (zinazokaa kati ya kamu na pushirodi, na kujirekebisha kwa oili) na roka isiyo na skrubu. Hapo hedi ikishuka ni kama pushirodi imerefuka, tapeti inakandamizwa kupita kiasi, valvu haikai vizuri na kompresheni inakimbia, halafu mtu anaenda kulaumu ringi za pistoni! Hapa mimi napima. Chukua pushirodi moja mbovu, fundi wa leth (mashine ya kukereza chuma) pale Katwe, Kampala, aikate aiwekee nyuzi irefuke na kufupika, kamu iwe upande wake wa chini kabisa, usioinua tapeti, refusha mpaka uchezaji uishe, pima, ongeza kama 0.5 hadi 1 mm ya kukandamiza tapeti (kitabu cha injini kikisema tofauti fuata kitabu). Ndio inachelewesha kazi, na kupata urefu kamili madukani ni kutafuta kweli.