Unga wa kusafishia utumbo kabla ya kolonoskopi (kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera): uzoefu wangu kama mgonjwa wa kisukari, Moshi

Nyota 4 kati ya 5. Unga wenyewe (makrogoli, pakiti 4, kila moja kwa lita 1 ya maji) unasafisha vizuri. Nyota moja nimeikata kwa sababu karatasi iliyomo kwenye boksi haina hata mstari mmoja kwa mgonjwa wa sukari, na sisi ndio tunaohangaika zaidi: utumbo wetu mara nyingi ni mzito, na huku hatuli.

Anza siku 3 kabla. Makande, maharage, dona, mboga za majani na pasheni weka kando; kula wali mweupe, ugali wa sembe, samaki, mayai. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi ya tufaha. Chochote chekundu usiguse, maana ndani huonekana kama damu.

Koroga unga kwa maji ya uvuguvugu hadi punje ziishe, ndipo uweke kwenye friji. Ukiharakisha, hutuama chini ya jagi, na glasi za mwisho zinakuwa za chumvi kali, zinateleza ulimini kama maji ya bamia. Hapo ndipo watu hutapika. Kwa miadi ya saa 3 asubuhi, kunywa lita 2 kuanzia saa 12 jioni, mililita 250 kila dakika 15, na lita 2 nyingine kuanzia saa 10 alfajiri, umalize saa 12. Usimalize zote jioni: majimaji yanayoshuka usiku hufunika utumbo upande wa kulia, vinyama vidogo visionekane. Choo cha mwisho kiwe cha njano, angavu kama mkojo. Kikiwa bado na tope, mwambie nesi mapema.

Sasa sukari, na hapa naomba usikilize. Vidonge vya kisukari vya dapagliflozini na empagliflozini kwa kawaida huachwa siku 3 kabla, kwa sababu kwa mtu asiyekula zinaweza kuleta asidi kwenye damu hata sukari ikisoma vizuri. Glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, bila chakula hushusha sukari vibaya. Insulini usiiache yote wala usichome dozi nzima. Daktari akuandikie uniti ngapi jioni na ngapi asubuhi, kwa namba. Pima kila baada ya saa 2 hadi 4 ukiwa macho. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L), kunywa vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Soda isiyo na sukari haitakuokoa.

Omba uwe wa kwanza kwenye orodha. Anayetoka Rombo au Same alale Moshi mjini, maana dozi ya alfajiri hainyweki ndani ya Coaster. Aje na mtu wa kumrudisha, kwani dawa ya usingizi hukaa mwilini. Baada ya kipimo, ukianza kula tena, insulini ya chakula ichomwe sahani ikiwa tayari mezani.