Mweka niliipanda, ngazi za ile gesti zikanishinda

Jina la gesti silitaji. Mwenyewe akisoma atajijua. Iko Moshi mjini, si mbali na stendi, na nilifikia pale wikiendi ya Kili Marathoni, mwaka juzi au ule wa kabla yake. Nilitaka niandike kuhusu mbio, lakini kila nikianza nakumbuka ile kaunta ya mapokezi, mkono unaanza kutetemeka. Basi ngoja niitoe kwanza.

Nilitanguliza shilingi 20,000 kabla ya Krismasi. Narudia, kabla ya Krismasi, na mbio ni mwishoni mwa Februari. Nilituma kwa simu, meseji ya muamala ninayo mpaka leo, na kaka aliyepokea akaniambia, "Mama, usiwe na shaka, namba 6 ni yako, chumba cha chini." Cha chini nilikiomba mwenyewe, maana najua magoti yangu yanavyokuwa baada ya kilomita 21.

Jumamosi nikashuka kwenye basi la kutoka Dar, jua linazama, miguu imevimba kwa kukaa kutwa nzima. Mapokezi nikamkuta binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, macho kwenye simu. Shikamoo hakuna. Nikaona nimsalimie mimi, "Hujambo mwanangu." Akajibu, "Vyumba vimejaa, mama."

"Nimeshalipia mimi. Hebu angalia kwenye daftari."

Akafunua daftari kwa ncha za vidole kama vile linanuka. "Jina lako lipo. Ila chumba kimeshatoka. Wiki hii ni ya wageni, mama."

Wiki hii ni ya wageni! Mimi nimetoka Mbagala alfajiri, nina begi, viatu vya kukimbilia vinaning'inia kwenye mkanda wa begi, namba ya kifuani nimeichukua Dar kabisa ili nisihangaike. Kama mimi si mgeni, ni nani? Mwenyeji? Mndengereko mimi, Moshi sina hata wifi wa kunipokea.

Bado nimesimama nimeshika kiuno, wakaingia wazungu wawili, mwanamume na mkewe. Binti akainuka kwenye kiti. Kumbe anaweza kuinuka! "Jambo! Karibu sana!" Ufunguo ukatolewa, umefungwa kibao cha mbao, nikausoma mwenyewe: 6.

Siwalaumu wale wazungu, wao wamelipa na hawajui lolote. Na ninaelewa biashara. Moshi wikiendi ile ni kama Krismasi ya pili, Wachaga wanarudi nyumbani, watu wanakuja kutoka Nairobi, na wazungu wengine wameunganisha mbio na kupanda mlima na kwenda mbugani. Bei ikipanda nitalalamika na nitalipa. Lakini mashindano haya yapo tangu 2003! Kila mwaka yanaangukia majira yale yale, huwezi kuniambia yamekukuta ghafla. Tena huu ni mji wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa huko waliandikisha KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, mwaka 1933, chuo kikuu cha ushirika kipo hapo hapo, mbio zenyewe zinaanzia na kuishia kwenye Uwanja wa Ushirika. Mji unaojua kuweka hesabu za maelfu ya wakulima, gesti inashindwa na daftari la vyumba 12.

Nilipoanza kupaza sauti nikapewa "chumba". Ghorofa ya nne, ngazi za zege zisizo na kishikizo upande mmoja. Ilikuwa stoo ya mashuka, wametandika godoro chini, na ukutani kwa nje limekaa simtanki na pampu yake. Usiku kucha inanguruma. Ikinyamaza naamka kwa sababu imenyamaza. Saa kumi na nusu nikashuka kuulizia chai, mlinzi akaniambia chai ni kuanzia saa moja na nusu. Sisi wa haf, wa kilomita 21, tunaanza kwenye saa moja! Watu wa ful, wa kilomita 42, wanatutangulia! Nikala ndizi mbili na chapati iliyobaki ya kwenye basi, nimekaa kwenye ngazi gizani, na nikaapa kwamba Moshi ndiyo basi tena. Kama ningeandika saa ile ningetoa nyota sifuri kwa gesti, kwa mji, na kwa mlima pia.

Halafu nikafika uwanjani.

Sijui niseme nini bila kuonekana kigeugeu. Kulikuwa na kibaridi kidogo, kile cha Moshi kinachodanganya, maana baadaye jua lake halina utani. Joging klabu za Dar zimevaa sare, zinaimba nyimbo za mchakamchaka, mtu humjui anakushika mkono mnaruka pamoja. Kukapambazuka, watu wote wakageuza shingo upande mmoja. Mlima Kilimanjaro! Kilele cha Kibo kimejitokeza kizima, cheupe juu, na kile cha Mawenzi na meno yake kwa kulia. Mlima ule una tabia ya kujifunika mawingu jua likishapanda, kwa hiyo anayechelewa kuamka Moshi anaweza kukaa siku tatu asiuone. Nikamkumbuka yule mpika chai wa saa moja na nusu, nikamhurumia kwa dakika moja hivi.

Njia ya haf ni rahisi kueleza: unatoka mjini unapanda mpaka Mweka, kijiji cha huko juu mlimani, unageuza, unashuka. Kuikimbia ni habari nyingine. Hakuna tambarare ya kupumzikia. Unadhani umemaliza kilima, unapinda kona, kumbe kilikuwa mtoto, mama yake ndiye huyu. Wale wa ful ndio wa kuombewa dua, wanapelekwa kwanza barabara kuu ya kuelekea Dar, wakishachoka miguu ndipo wanaletwa Mweka. Aliyechora njia ile alikuwa anamdai mtu.

Ila pembeni, jamani, pembeni. Barabara inapita katikati ya vihamba, yale mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, migomba imefunika kahawa, na watu wametoka kwenye mageti yao na nguo za kanisani kwa sababu ni Jumapili. Watoto wanapanga mstari wakugonge viganja, usipowagonga wanakudai. Bibi mmoja ameegemea fimbo akaniona natembea, pumzi imekata, akanipigia kelele: "Kaza mgeni wetu! Mlima wenyewe bado uko juu huko!" Mgeni wetu. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, na zilikuwa zinauma tayari. Kwake nilikuwa mgeni bila kuulizwa nimelipa dola ngapi.

Na hapa nitaungama dhambi. Karibu na Mweka nikamwona mbele yangu yule mzungu wa namba 6. Anatembea, ameshika kiuno, uso mwekundu kama nyanya. Mimi nguvu sina, lakini sijui zilitoka wapi, nikampita nakimbia kifua mbele, roho ikasuuzika kabisa. Yeye akanipigia makofi, akasema, "Safi sana, mama!" Kwa Kiswahili. Hasira ikakosa pa kushika.

Kushuka nilidhani ndiko nafuu, kumbe ndiko kunakoua magoti. Mapaja yakawa yanacheza yenyewe. Maji njiani hayakunipiga chenga, hilo nalisifu. Muda niliomaliza nao ni siri yangu na Mungu. Nikavishwa medali, nikatafuta mtori, nikanywa bakuli mbili nimesimama, muziki unapigwa, moshi wa nyama choma umetanda, nikasema huu mji usiseme nao vibaya tena, Mama Fulani, koma.

Nikarudi gesti. Ghorofa nne. Nilipanda ngazi zile kwa kukaa, kinyumenyume, ngazi moja moja kama mtoto anayejifunza, huku medali inagonga kwenye zege. Nafika juu, nafungua bomba, hakuna tone. Pampu imenguruma usiku mzima juu ya kichwa changu na maji hakuna! Nilikaa kwenye lile godoro nikatukana kwa Kiswahili na kwa Kindengereko.

Mlango ukagongwa. Yule binti, ana ndoo ya maji ya moto, ameipandisha mwenyewe mpaka ghorofa ya nne, jasho linamtoka. Akaiangalia medali. "Hongera mama. Shikamoo." Yaani shikamoo yangu ilikuwa inasubiri kilomita 21. Nikamwitikia, marahaba. Akasema vyumba anapanga bosi, yeye ndiye anayesimama mbele kutukanwa, na tangu Ijumaa hajalala. Basi nikanyamaza. Ungefanyaje? Nikaoga, na maji yale yalikuwa matamu kuliko ya hoteli yoyote niliyowahi kulala.

Ningeishia hapo ningewapa nyota tatu. Lakini Jumatatu asubuhi naondoka, bosi mwenyewe kakaa mapokezi, na risiti yake inasema chumba cha kawaida, bei kamili, 35,000, na ile 20,000 ya kabla ya Krismasi "haionekani kwenye mfumo". Mfumo upi? Lile daftari? Nikamwonyesha meseji ya muamala. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyokimbia, akatoa 5,000 mfukoni, akasema hiyo nyingine atanirushia kwenye simu. Nasubiri. Mara mbili nimempigia, mara zote anaendesha gari.

Kwa hiyo gesti nyota moja, na hiyo moja ni ya ndoo. Mbio tano, wala sibishani na mtu, na nyota ya sita ningeipata ningempa bibi wa fimbo. Februari naenda tena, nimeshajisajili, safari hii ful, msinicheke. Mwenye kujua nyumba yenye chumba cha chini, iwe Soweto, Rau au Shantytown, ambako mtu anaweza kupata chai saa kumi alfajiri, aniambie mapema. Kutanguliza pesa sitanguliza.