Koti la kukodi Moshi lililoninyima kilele

Nilikodi koti na buti duka moja kwenda kupanda Kilimanjaro. Nianze na buti, nisije nikaambiwa nina chuki. Buti zilikuwa nzuri. Hazikunibana, wala hazikuingiza maji kwenye matope ya msitu kabla ya Mandara, kambi ya kwanza. Kwa buti peke yake ningewapa nyota nne.

Sasa koti. Duka lipo Moshi mjini, jina siliandiki. Nilikuta wageni wawili, Wazungu, wanajaribishwa makoti kwa utaratibu, zipu inapandishwa na kushushwa mbele yao. Langu nikaletewa limekunjwa ndani ya mfuko. Nikaomba nilivae kwanza. Yule kaka akanijibu, "Dada, hilo ni zima, kuna watu wanasubiri." Kitambulisho changu cha taifa, cha NIDA, akakiweka kwenye droo kama dhamana.

Mpaka Horombo, kambi ya pili, sikulihitaji sana. Ila Kibo, kambi ya mwisho, mita 4,720, watu wanaamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, na baridi yake ni ya kuganda maji kwenye chupa. Hatujafika hata pango la Hans Meyer, zipu ikaachia yote, shingoni mpaka kiunoni. Mwongozaji akanibana kwa pini, akanizungushia kamba, akanivua glavu akanisugua vidole, akanivisha tena. Nilifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, natetemeka, siwezi kutamka neno likaeleweka. Akasema tunageuza. Alikuwa sahihi, na ndiyo inaniuma zaidi. Kutoka pale mpaka Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, zimebaki kama mita 200 tu za kwenda juu!

Jamani, hela ile nimeidunduliza. Kweli sisi Watanzania kiingilio cha hifadhi tunalipa kidogo mno kuliko wageni, nashukuru. Lakini mwongozaji, mpishi, wagumu wanaobeba mizigo, chakula, bahshishi, hivyo havina bei ya uzalendo, na wagumu wanastahili kila shilingi. Vyote hivyo vikakwamishwa na zipu.

Nikarudisha vitu nikitegemea pole. Kaka akaniambia nimeharibu koti, nilipe elfu thelathini ndipo nipewe NIDA yangu. Nikamweleza lilivyoniachia huko juu. Akanijibu mbele ya wateja: "Labda mlima haukuwa saizi yako." Nililipa, kwa sababu kitambulisho changu nakihitaji. Fundi wa soko la Memorial niliyemuuliza baadaye aliniambia zipu mpya pamoja na kuishona haifiki nusu ya hela hiyo.

Nyota nne nimezifuta. Wanaopanda, nendeni Memorial palepale, kwenye mitumba kuna makoti mazito ya maana, unalifunga na kulifungua mpaka uridhike na linabaki lako. Buti sijui mtapata wapi nzuri kama zile. Nilitaka kuandika kwamba buti mkakodi kwao. Hapana. Kwa jibu lile, hata buti msikodi.