Kadi za wazo kuu: nzuri, lakini kwanza chukua mkasi

Ukimuuliza mtoto wa madarasa ya chini aya inasema nini, mara nyingi anakujibu kwa neno moja: "Ngamia." Hiyo ni mada tu. Wazo kuu ni kile kinachosemwa kumhusu huyo ngamia, na hakitoshi kwenye neno moja. Pakiti hii ya kadi imewasaidia wanafunzi wangu kuiona tofauti hiyo kuliko kitabu chochote cha mazoezi nilichokwisha kutumia.

Kila aya imekatwa sentensi sentensi: kadi moja ya wazo kuu, nne za maelezo yanayoliunga mkono, na moja ngeni. Watoto wanazichanganya, kisha wanazipanga upya. Seti ya ngamia ndiyo bora. Wazo kuu: mwili wa ngamia unamwezesha kuishi jangwani. Maelezo: nundu huhifadhi mafuta yanayomtia nguvu chakula kikikosekana, pua hujifunga mchanga ukivuma, kope ndefu hukinga macho, nyayo pana hazizami mchangani. Halafu ile ngeni: ngamia jike kwa kawaida huzaa ndama mmoja.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mazoezi mengi huchomeka sentensi ya samaki katikati ya habari ya ngamia, na mtoto anaitoa bila hata kusoma. Hii ya ndama ni kweli, tena inamhusu ngamia huyo huyo. Wanafunzi wangu waliibishania sana, wengine wakishikilia kwamba ibaki, mpaka binti mmoja mkimya akaisukuma pembeni: "Ni kweli, mwalimu, ila hapa si pake." Sikuwa na la kuongeza.

Sasa kasoro. Kadi zote za wazo kuu zina ukingo wa buluu na za maelezo zina wa njano. Watoto si wajinga. Wakishang'amua, wanapanga rangi na kusoma kunaishia hapo. Mimi nimekata kingo zote kwa mkasi.

La pili ni zito zaidi. Katika kila aya ya pakiti hii, wazo kuu ni sentensi ya kwanza. Aya za kawaida haziko hivyo: wazo linaweza kuja mwishoni, au lisitajwe kabisa, msomaji alitoe mwenyewe kwenye maelezo. Mtoto aliyezoeshwa hivi atanakili sentensi ya kwanza hata ikiwa ni swali la kumvutia msomaji tu. Kwa hiyo baadaye naificha kadi ya wazo kuu, nawaachia zile nne, waliandike wenyewe. Mmoja huandika "Ngamia ana nundu", mwingine "Wanyama huishi sehemu mbalimbali". Siwasahihishi. Nawaambia washike kadi moja moja na kuuliza kama inaunga mkono walichoandika. Kadi ya kope inamkwamisha wa nundu papo hapo. Wa pili huchelewa kidogo, kwa sababu sentensi yake imemeza kila kitu. Huyo namwuliza kama ingefaa pia kwa habari ya pengwini.

Karatasi ni ngumu na maandishi ni makubwa. Mwongozo wa mwalimu haufai kitu.

Ningeinunua tena, kwa watoto wanaosoma sentensi bila kukwama. Wanaounganisha bado silabi wasomee kwa sauti, wajibu kwa mdomo. Na waliozitengeneza watuongezee hadithi, maana seti zote ni za wanyama na mimea.