Kilo mbili za mabaki ya uzi wa sweta za shule: nilichofuma na kilichonikera

Hapa Njombe sweta ya shule ni vazi la mwaka mzima. Mafundi wenye mashine za kufumia wanashinda wakitoa bluu, kijani, kijivu na damu ya mzee, na kila kazi ikiisha zinabaki koni ambazo uzi wake hautoshi hata mkono mmoja wa sweta. Mwezi wa tano nilinunua kiroba cha mabaki hayo kwa fundi mmoja: kilo mbili, shilingi 10,000. Dukani donge la gramu 100 nimezoea kulipia 3,500, kwa hiyo nilitoka pale nikijiona mjanja kweli.

Nyumbani nikaweka mzigo kwenye mizani ya jikoni. Kumbe koni za plastiki nazo zilipimwa! Nne tupu zilikula gramu 200. Chini ya kiroba kulikuwa na fundo kubwa la nyuzi zilizosukwasukwa kama kiota cha ndege. Nilihangaika nalo jioni mbili, nikaokoa kidogo, gramu 300 zikaishia kujaza mto wa kiti. Uzi wa kufumia niliobaki nao ni kama kilo moja na nusu. Bado ni bei nzuri, lakini ukienda kununua mwambie fundi amwage kiroba chini mbele yako.

Uzi wa mashine ni mwembamba. Ukiufuma mmoja mmoja kwa mkono utazeeka na soksi moja. Mimi nashika nyuzi tatu kwa pamoja, na hapo ndipo kiroba kilipoanza kunilipa. Mzula wa kwanza nilitumia bluu tupu, wifi yangu akaupokea, akamvalisha mtoto wa wiki mbili, kisha akauliza, "Sasa huyu, wifi, ameshaandikishwa darasa la kwanza?" Tulicheka, ila alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nachanganya: bluu moja, kijivu moja, nyeupe moja, kinatoka kitu chenye madoadoa kama manyoya ya kanga wa porini, na hakuna anayekumbuka shule.

Sindano nilianza na zile alizonifundishia mama, spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye sakafu ya saruji. Spoku ina unene wa milimita mbili tu. Kwa soksi za kichanga zenye uzi mmoja au miwili iko sawa kabisa, lakini kwa nyuzi tatu nilipata kitu kigumu kama mkeka. Nikaongeza 6,000 nikanunua sindano tano za mianzi za milimita nne, zenye ncha pande zote mbili, ili nifume kwa kuzunguka bila kushona ubavuni. Moja ilivunjika wiki ya pili kwa sababu niliikalia. Hilo siwezi kumlaumu aliyeniuzia.

Mzula wa kichanga naanza na vitanzi 64, ambavyo kwa mkono wangu vinatoa mzunguko wa kama sentimita 32. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni kama 35, lakini mzula unavutika, unakaa bila kubana. Unakula gramu 30 na jioni moja. Lakini kitu kilichotoka haraka kuliko vyote, na kilichonirudishia hela, ni glavu zisizo na vidole. Vijana wa bodaboda hapa wanaamkia barabarani saa kumi na moja alfajiri, na Juni hadi Agosti baridi ya Njombe inauma vidole hadi breki huisikii. Glavu ya kawaida inawasumbua kushika simu na kuhesabu chenji. Naanza vitanzi 40, nikipokezanisha viwili vya kufuma kwa mbele na viwili vya kufuma kwa nyuma, nazunguka hadi sentimita 12. Kisha naacha kuzunguka, nafuma kwenda na kurudi sentimita tano ili ibaki nafasi ya kidole gumba, halafu naunganisha tena na kumalizia nne. Hakuna kupunguza, hakuna kuongeza, na unaweza kufuma huku unapiga soga. Nimeuza jozi sita, 5,000 kila moja.

Mabaki yana tabia ya kukuishia katikati ya mkono wa pili, na mkono mmoja haumfai mtu. Dawa yake ni mizani: pima uzi wote uliopanga kutumia, ugawe nusu kwa nusu kabla ya kitanzi cha kwanza. Jozi moja yangu ni gramu 50, yaani 25 kila mkono. Nusu ikikaribia kuisha, funga hapo hapo hata kama ulitaka glavu ndefu.

Makosa mawili yalikuwa yangu mwenyewe. La kwanza, nilifuma vishikio vya sufuria bila kujua uzi wenyewe ni wa aina gani. Siku naepua maharage, kishikio kikayeyuka na kunata kwenye sufuria. Nashukuru hakikunata kwenye mkono. Ningechoma kipande kwanza ningejua: sufu halisi inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, huu wa viwandani unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kiroba changu karibu chote ni cha viwandani. Kwa mizula ya watoto sioni shida, maana unafuliwa kila siku bila kusinyaa, ila ukae mbali na jiko. Pia ile mbinu ya kuunga nyuzi kwa mate na kusugua viganjani, inayofanya kazi vizuri kwenye sufu, hapa haishiki. Utafunga mafundo na kuficha ncha, na kwenye kiroba hiki mafundo ni mengi.

La pili ni damu ya mzee. Koni moja ilikuwa inachuja, nami nimeshaifuma mistari na nyeupe. Baada ya kufua, nyeupe ikawa ya waridi. Sasa kila rangi iliyokolea nailoweka usiku mzima pamoja na kitambaa cheupe kabla sijaigusa.

Fundi kaniahidi kiroba kingine shule zikifunga, na nimemwambia koni tuzitoe kwenye mzani. Nimebakiwa na kama gramu 800, nyingi ni kijani. Wifi kashaniambia kijani nisimpelekee.