Redio ya "mkoa mzima" inayoishia Korogwe

Jina la kituo silitaji, maana bado nataka salamu zangu zisomwe. Ni redio ya FM, studio na mnara viko Tanga mjini, na hawapitishi nusu saa bila kujinadi kwamba wanasikika "mkoa mzima". Mimi ni dereva wa Fuso ya mboga. Napakia kabichi na karoti Lushoto, nashusha soko la Mgandini, narudi na mzigo wa dukani. Handeni na Kilindi sifiki, huko waseme wenyeji. Ila njia ya Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo hadi Lushoto naijua kwa masikio.

Sifa kwanza, wanastahili. Kuanzia Chumbageni mpaka Muheza kwenye machungwa, sauti ni safi kabisa. Usiku wanapiga taarabu za zamani za vikundi vya hapahapa Tanga, ala unazisikia moja moja, na mtangazaji wa zamu ile hana makelele. Anajua wanaomsikiliza usiku wa manane ni walinzi, manesi na sisi wa barabarani. Kwa vipindi peke yake ningewapa nyota tano.

Ukifika Hale kwenye katani mkwaruzo unaanza. Hapo dawa ipo: kama redio yako ina kitufe cha mono, yaani sauti ya njia moja badala ya mbili za stirio, kibonyeze. Stirio inataka mawimbi yenye nguvu zaidi, na yakipungua ndiyo inayoanza kukoroma mapema. Na kabla hujamlaumu mtu, chomoa ile chaja ya simu ya bei chee uliyochomeka kwenye kiwashio cha sigara. Utingo wangu alikuwa analaani mnara wa watu kumbe adui amekaa naye kibini.

Segera ni vichekesho. Kuna kituo kingine cha mbali kwenye masafa hayohayo, na FM haichanganyi sauti mbili zikasikika pamoja kama redio za masafa ya kati. Mwenye nguvu anammeza mwenzake. Gari likiwa linatembea, mwenye nguvu anabadilika kila kona. Unasikia bibi analalamikia mapenzi, ghafla mchungaji anakemea mapepo, kisha bibi anaendelea alipoishia.

Korogwe inategemea umesimama wapi. Pale stendi unaweza kukosa kabisa, ukasogeza gari mita moja na nusu, sauti ikarudi. Si uchawi. Wimbi la FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita tatu, na likigonga majengo na vilima linarudi kugongana na lile lililokuja moja kwa moja. Kuna sehemu yanasaidiana, kuna sehemu yanauana. Mombo sasa, usijisumbue. Kimya. Coastal Union walipata penalti uwanjani Mkwakwani nikiwa naikaribia Mombo, matokeo nikaambiwa na muuza mahindi.

Hapo ndipo wapenzi wa redio tunapobishana mpaka simu zinaisha chaji. Kundi kubwa linasema mtambo ni mdogo, waongeze wati. Mimi siwaungi mkono. Ukizidisha nguvu ya mtambo mara mbili unaongeza desibeli tatu tu, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na sikio la kawaida litakaa linajiuliza kama kuna kilichobadilika. FM inakwenda kwa kuonana, mnara na redio yako pasiwe na kizuizi kati. Mlingoti wa mita 100 kwenye nchi tambarare unaona kama kilomita 41 hivi mpaka upeo wake, zaidi ya hapo mawimbi yanafifia haraka. Na huku kwetu si tambarare: kati ya Tanga na Mombo imelala milima ya Usambara. Mlima hauhongwi kwa wati.

Ushahidi wangu ni Bumbuli, huko juu milimani Usambara. Nikienda kupakia kule, nikiwa juu mgongoni mwa mlima upande unaotazama mashariki, redio ileile iliyokufa Korogwe inaongea vizuri, na Bumbuli si karibu zaidi na Tanga. Nikishuka bondeni inakata tena. Lushoto mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari lakini imekaa ndani ya bakuli, urefu wote ule hauisaidii kitu.

Jamaa wa Pangani wanatuletea hoja nyingine: mbona wao wananasa vituo vya Unguja mpaka vya Mombasa? Bahari, ndugu zangu. Hakuna mlima baharini, na usiku wa joto usio na upepo hewa hujipanga matabaka, mawimbi yakapinda na kwenda mbali kuliko kawaida yake. Kesho yake asubuhi huvipati. Huo si usikivu wa kutangazia biashara.

Uongozi wa kituo nao ukiulizwa unajibu: tusikilizeni kwa programu ya simu. Kwa mtiririko wa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29 kwa saa. Safari nzima na foleni ya mizani, piga mwenyewe hesabu ya bando. Na kwenye kona za Soni mtandao wa simu nao unakatika palepale redio inapokatika, kwa sababu ileile.

Kwa hiyo: Tanga na Muheza nyota tano, Segera tatu, Korogwe mbili, Mombo na Lushoto mjini hakuna. Dereva mwenzangu, ukitoka Tanga usiku furahia taarabu mpaka Hale, halafu weka flashi yako. Wakipata mtambo wa pili, hata mdogo, juu ya mgongo wa Usambara Magharibi, nitaandika upya. Kwa sasa lile tangazo lao lirekodiwe tena: "Tanga, Muheza, na Korogwe ukibahatika."